Kibanja Kipana, Jembe Moja

Swali la kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja ni la kale kuliko vyombo tulivyo navyo. Fisi wa hadithi, aliyetaka kufuata njia mbili kwa sababu harufu ya nyama ilitoka kote kuwili, alipasuka kabla ya kuonja upande wowote. Hadithi hii husimuliwa watoto, lakini funzo lake ni la watu wazima. Haisemi kwamba njia mbili ni mbaya. Yasema kwamba miguu ya fisi ilikuwa ya kiumbe mmoja. Njia hazikuwa na kosa; kosa lilikuwa katika hesabu ya msafiri.

Siku hizi njia si mbili. Ni nyingi, nazo zimekusanywa katika kioo kinachoenea kiganjani. Mtu aweza kusoma barua, kusikiliza muziki, kupeleka fedha, kutazama mpira na kuzungumza na ndugu yake aliye Mwanza bila kuinuka kitini. Swali ninalotaka kulipima hapa ni hili: je, kupata chombo kiwezacho kubeba kazi nyingi kwatupa haki ya kuzibeba zote mara moja? Na ikiwa haki hiyo ipo, gharama yake hulipwa na nani?

Nitalipima nikiwa na Chonyonyo machoni. Chonyonyo ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi ya Tanzania, katika nchi ya vilima na migomba iliyokuwa wilaya moja na Kyerwa mpaka mwaka 2012. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu na kishikwambi vimefika vijijini kama vilivyofika mijini, wala si haki kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la watu wa Dar es Salaam peke yao. Ya pili, mkulima wa nchi hiyo alikuwa na elimu ya kuchanganya kazi zamani sana kabla ya wahandisi wa California, na elimu yake yafaa kusikilizwa.

Kwanza tukijue chombo. Ndani ya kila simu ya kisasa na kila kishikwambi mna mfumo endeshi, yaani msimamizi asiyeonekana anayegawa kumbukumbu, nguvu za betri na zamu za kazi kwa programu zote. Watu wengi hudhani kwamba programu kumi zilizofunguliwa zinafanya kazi kumi kwa pamoja. Aghalabu sivyo. Kichakataji hupokezana: hushughulikia hii kwa kipande kidogo mno cha sekunde, kisha ile, kisha nyingine, kwa wepesi ambao jicho haliwezi kuutambua. Ni kweli kwamba vichakataji vya leo vina viini kadhaa, na kazi chache huweza kwenda sambamba hasa. Lakini viini hivyo vina idadi, kumbukumbu ina mpaka, na betri ina mwisho. Msimamizi hana budi kuchagua.

Namna anavyochagua ndiyo yenye mafunzo. Programu iliyo mbele ya macho ya mtumiaji hupewa heshima ya kwanza. Zilizoachwa nyuma huishi kwa huruma. Simu ya iPhone ilipotokea mwaka 2007 haikuwa na shauri refu katika jambo hili, na hata baada ya kufunguliwa kwa programu za watu wengine mwaka 2008, programu ya namna hiyo ikiachwa ilifungwa. Mwaka 2010, kwa toleo la nne la mfumo wake, ilianza kuziruhusu zibaki nyuma, lakini kwa masharti: hupewa muda mfupi wa kumaliza iliyoanza, kisha hugandishwa. Hazifi, wala haziendi. Wachache tu, kama muziki, mazungumzo ya simu na kionyesha njia, ndio waliopewa ruhusa ya kuendelea. Mfumo wa Android, uliotoka mwaka 2008, ulianza na mkono mlegevu zaidi. Programu ziliweza kufanya kazi nyuma kwa uhuru mwingi. Uhuru huo ulimaliza betri. Mwaka 2015, kwa toleo la sita, simu iliyolala mezani bila kuguswa ikaanza kuzilaza programu zake. Na mwaka 2017, kwa toleo la nane, kazi za nyuma zikawekewa mipaka mikali. Na kumbukumbu ikipungua, Android huanza kuziondoa zile zilizosahauliwa. Iliyo mbele huguswa mwisho kabisa.

Sasa tukitazame kishikwambi. Kwa damu, ni ndugu wa simu. Mfumo wake ni ule ule au unatoka ukoo ule ule. Kilipotokea cha Apple, yaani iPad, mwaka 2010, kilikuwa kama simu iliyonyoshwa: programu moja ilijaza kioo chote, kama mtu mmoja aliyelala peke yake kitanda cha watu wanne. Mwaka 2015 kiliruhusiwa kuweka programu mbili ubavu kwa ubavu. Mwaka 2022 kikapewa namna ya kupanga programu katika makundi na kuzipandanisha, na mwaka 2025 kikapewa madirisha yanayoweza kupanuliwa, kupunguzwa na kusogezwa kama ya kompyuta ya mezani. Lakini iPhone, iliyotoka nyumba ile ile, haikupewa mgawo huo. Picha ndogo ya video pembeni ndiyo karamu yake. Android ilikuwa karimu zaidi, maana mwaka 2016 iligawa kioo cha simu na cha kishikwambi vile vile. Hata hivyo, mwaka 2022 ilitoa toleo lililotengenezwa kwa ajili ya vioo vipana, lenye safu ya programu chini ya kioo ili mtumiaji azivute na kuzipanga. Anayegawa kioo cha simu ndogo huona upesi kwamba amepata nusu mbili zisizosomeka vizuri. Na kibodi ikijitokeza, nafasi iliyobaki hubanwa.

Kwa nini ndugu hawa wawili wakalelewa mbalimbali? Si kwa sababu simu ni pungufu wa akili. Ziko simu zenye vichakataji vyenye nguvu kuliko vishikwambi vingi. Sababu kubwa ni upana, na upana huo hupimwa kwa jicho na kidole cha binadamu. Kutokana na hayo twapata kanuni mbili. Kanuni ya kwanza: kilicho mbele hakitolewi kafara kwa ajili ya kilicho nyuma. Kanuni ya pili: viwili huwekwa pamoja pale tu ambapo pana nafasi ya kuvitosha vyote viwili. Mafundi hawakuziandika kanuni hizi kwa nia ya kufundisha maadili. Walikuwa wakitafuta namna ya kuokoa betri na kumbukumbu. Lakini mtu mwenye busara huokota fundisho hata pale lilipoanguka bila kukusudiwa.

Kanuni ya pili mkulima wa Karagwe anaijua. Shamba la nyumbani katika nchi hiyo huitwa kibanja. Ndani yake mna migomba, na chini ya migomba mna mibuni, na katikati mna maharage na pengine mahindi. Mgeni apitaye huona vurugu. Mwenyeji huona mpango. Mgomba hutoa kivuli, na mbuni hauchukii kivuli cha kiasi. Ndizi huvunwa mwaka mzima, kahawa ina msimu wake, na maharage hupandwa mvua zikinyesha na kung'olewa baada ya miezi michache. Mazao haya yamekubali kukaa pamoja kwa sababu hayadai kitu kimoja kwa saa moja, na kwa sababu yote yanailisha nyumba moja. Pale ambapo ardhi imekuwa finyu kwa kugawanywa kwa warithi, mkulima hulazimika kuyapunguza, maana mashina yaliyosongamana hupigania maji na mbolea, na mwisho wake ni mikungu midogo. Kibanja kipana hubeba mengi; kibanja chembamba hubeba machache. Hiyo ndiyo tofauti ya kishikwambi na simu.

Lakini liko jambo moja ambalo kibanja hakiwezi kulibadilisha. Mazao yakiwa mengi, jembe ni moja. Mkulima hapalilii migomba na maharage kwa pigo moja. Huinama hapa akapamaliza, kisha huenda pale. Upana ni sifa ya kibanja. Si sifa ya jembe. Hapa ndipo walimwengu wa leo tunapopotea. Tumeona kioo kikipanuka, tukadhani kwamba na nadhari ya mtu imepanuka pamoja nacho.

Nadhari ya mtu haijapanuka. Elimu ya nafsi imelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1927 mtaalamu Arthur Jersild wa Marekani alionyesha kwamba mtu anayehamahama kati ya kazi za namna mbili hupoteza muda katika kuhama kwenyewe, na uchunguzi wa wengi waliomfuata umelithibitisha hilo. Akili huiweka kazi moja chini, hukumbuka masharti ya nyingine, kisha hurudi na kuanza kutafuta ilipoachia. Mwaka 2009 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja walishindwa zaidi kuyapuuza mambo yasiyowahusu, na hata katika kuhama kutoka kazi hadi kazi hawakuwa hodari kuliko wenzao. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana nao zote, na haki ni kulisema hilo. Lakini hata anayewapinga hasemi kwamba mtu aweza kusoma barua mbili kwa macho mamoja.

Kwa hiyo, tukiutafuta mfano wa nadhari ya binadamu kati ya vyombo hivi viwili, hatutaupata katika kishikwambi. Tutaupata katika simu ndogo. Binadamu ana kioo chembamba. Aweza kugandisha jambo na kulirudia. Aweza kuacha muziki ukilia nyuma. Lakini kilicho mbele yake ni kimoja, na akikigawa hupata nusu mbili zisizosomeka.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki. Litasema: mwambie maneno hayo mwanamke wa Chonyonyo. Ana mtoto mgongoni, chungu cha maharage motoni, ndizi anazozimenya mkononi, na jirani anayezungumza naye mlangoni. Je, huyo si kishikwambi kilichogawanywa sehemu nne, na mbona kazi zake zote zaenda? Pingamizi hili hunifundisha jambo, wala halinishindi. Tumtazame mama huyo vizuri. Mkono wake humenya kwa mazoea ya miaka mingi, hauhitaji kuongozwa. Chungu kimegandishwa mpaka kitakapoita kwa mvuke. Mtoto amelala, na mgongo wa mama ndio kitanda chake. Nadhari ya mama iko kwa jirani. Mtoto akilia kilio cha homa, ndizi zitawekwa chini, jirani atanyamaza, na chungu kitasubiri. Mama huyu hakugawanyika. Amepanga. Anajua kila saa ni lipi lililo mbele, na yuko tayari kuyaacha mengine kwa ajili yake. Angekuwa mfumo endeshi, angekuwa mmoja wa iliyo bora.

Tena lazima tukiri kwamba wengi hawafanyi mambo mengi kwa kupenda. Mwalimu mwenye madarasa mawili na mganga aliye peke yake katika zahanati yenye foleni hawakuchagua. Walichaguliwa na uhaba. Kumlaumu mtu wa namna hiyo kwamba ameigawa nadhari yake ni kumlaumu maskini kwa kulala njaa. Lawama huenda kwa aliye na nafasi ya kupanga asipange.

Ndipo tunapofika kwenye kanuni ya kwanza, ambayo ndiyo nzito. Chombo hakimtoi kafara aliye mbele kwa ajili ya aliye nyuma. Sisi je? Mtu amekaa na mgeni wake, kioo chawaka, mgeni anaachwa katikati ya sentensi. Aliye mbele amegandishwa kwa ajili ya aliye mbali, tena mara nyingi kwa ajili ya tangazo lisilo na mwenyewe. Mashine imeshika adabu ambayo mwenye mashine ameitupa. Nchi ya Karagwe inajua thamani ya mgeni. Mwaka 1861, wakati wasafiri Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika, walikuta ukarimu na adabu iliyowafanya waandike juu yake kwa sifa duniani. Kilichowavutia ni mwenyeji aliyekaa nao, akawauliza na kuwasikiliza. Mali peke yake haiandikwi namna hiyo.

Tuuchukue mfano ulio karibu zaidi. Sensa ya Tanzania ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na neno lenyewe, ambalo wengi hawakuwa wamelisikia, likaenea nchini kwa sababu ya kazi ile. Watu 61,741,120 walihesabiwa. Hesabu kubwa namna hiyo ilipatikanaje? Karani alikaa mbele ya kaya moja, akauliza, akasikiliza, akaandika. Kisha akaenda kaya nyingine. Chombo kilikuwa kipana, lakini karani alikuwa na mlango mmoja mbele yake. Baada ya sensa vishikwambi hivyo vilielekezwa katika elimu, vikagawiwa walimu. Ni zawadi njema. Mwalimu wa kijijini aweza kuweka kitabu upande mmoja wa kioo na maandalio ya somo upande wa pili, akanakili, akalinganisha, akasahihisha. Huo ndio mchanganyo halali: mazao mawili ya kibanja kimoja, yanayoilisha nyumba moja. Lakini mwalimu huyo huyo akiweka maandalio upande mmoja na mazungumzo ya rafiki zake upande wa pili, huku mtoto amesimama mbele yake na daftari, kioo kitavitosha vyote viwili, wala hakitamwonya. Atakayekosa nafasi ni mtoto.

Hapo jibu la swali langu la pili limejitokeza. Gharama ya nadhari iliyogawanywa mara chache hulipwa yote na mgawaji. Yeye hupata utamu wa kuona kwamba yuko kila mahali. Anayelipa ni mtoto ambaye kosa lake la hesabu halikuonekana, mgonjwa aliyeeleza maumivu kwa mtu aliyekuwa akisoma habari nyingine, mzee aliyerudia hadithi yake mara mbili akanyamaza. Hawa hawakuulizwa. Kwa sababu hiyo jambo hili si la mbinu ya kazi wala la afya ya akili tu. Ni jambo la haki. Nadhari ni deni, na mdai wake ni yule aliye mbele yetu.

Wako pia wanaolipa wenyewe, nao aghalabu ni wanyonge. Mwenye simu ya bei ndogo, yenye kumbukumbu haba, akiacha fomu aliyoijaza nusu ili apokee simu, huenda akirudi akakuta imefutika, kwa maana msimamizi wake hana pa kuiweka. Mwenye kitochi anayepeleka fedha kwa menyu ya namba, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, akichelewa kidogo njia hufungwa, naye huanza upya. Na akijibu mazungumzo mawili huku akibonyeza namba, fedha ya kahawa yaweza kwenda kwa mtu asiyemjua. Mtandao huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na hapo huhitajika pumzi moja ya nadhari kamili. Tajiri akikosea pumzi hiyo hupoteza akiba. Maskini hupoteza ada ya shule.

Sisemi basi kwamba vioo virudishwe kuwa vyembamba. Mwanafunzi anayesoma huku kamusi imefunguliwa kando amesaidiwa kweli, na mtafsiri aliye na matini mbili mbele yake hakupata neema kama hiyo zamani ila kwa meza kubwa. Nasema tu kwamba kabla ya kugawa kioo yafaa mtu ajiulize mambo matatu. Je, haya mawili yanailisha nyumba moja? Je, nafasi niliyo nayo, katika chombo na katika nafsi yangu, yayatosha? Na je, yuko mtu mbele yangu ambaye nafasi hiyo ni yake?

La tatu ndilo kubwa. Mawili ya kwanza mafundi wanaendelea kutusaidia kuyajibu, na kila toleo la mfumo hutuongezea njia za kupanga madirisha. La tatu hakuna toleo litakalolijibu. Mfumo endeshi wajua programu ipi iko mbele ya kioo. Haujui ni nani amekaa ng'ambo ya meza, wala hauwezi kumwona mtoto aliyesimama na daftari. Kumwona huyo ni kazi tuliyoachiwa sisi, nayo hufanywa kwa zamu, mmoja baada ya mmoja.